Mteuo: kuhesabu kamati zenye masharti

Mwanafunzi wa Tanzania anayesubiri kwenda kidato cha tano hulijua neno kombi kabla hajakutana na hesabu yake. "Umepangiwa kombi gani?" PCM, HGL, EGM. Kwenye matangazo ya serikali huitwa tahasusi. Hakuna anayeuliza kama MCP ni tofauti na PCM, maana Fizikia, Kemia na Hisabati ni masomo yale yale hata ukiyataja kuanzia mwisho. Istilahi ninayoieleza ina maana hiyo hiyo: kundi lililochaguliwa kutoka kundi kubwa zaidi, bila kujali nani katajwa kwanza.

Wengi huiita mchanganyiko, nami sikubaliani nao. Vilivyochanganywa huvurugika pamoja kama saruji na mchanga, ilhali hapa wachache wanachukuliwa na wengine wanaachwa. Tahasusi nayo inabeba maana ya kubobea katika fani. Napendekeza mteuo, wingi miteuo, kutokana na kitenzi teua, kwa njia ile ile iliyotupa mchoro kutoka chora na mchezo kutoka cheza. Mpangilio tuuachie hesabu inayojali nafasi ya kila mmoja.

Tofauti ya mteuo na mpangilio ni ya kale. Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mwanazuoni wa karne ya 8 mwenye asili ya Oman na mwasisi wa elimu ya arudhi, aliipanga kamusi yake, Kitab al-Ayn, kwa kuchukua konsonanti tatu, kuzigeuza kwa namna zote 6, kisha kueleza mahali pamoja zile zinazotumika katika Kiarabu. Mteuo mmoja, mipangilio 6.

Sasa tuingie kijijini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka Baraza la Ardhi la Kijiji liwe na wajumbe 7, na kati yao wanawake wasipungue 3. Tuseme yamependekezwa majina 12: wanawake 5 na wanaume 7. Tukiliweka sharti kando kwanza, mabaraza mangapi yanawezekana? Kuteua 7 ni sawa na kuamua ni 5 gani wabaki nje, na hiyo ndiyo njia fupi. Zidisha 12 × 11 × 10 × 9 × 8, upate 95,040. Lakini kila kundi la watu 5 limehesabiwa mara 120, yaani 5 × 4 × 3 × 2 × 1, kwa sababu tumewataja kwa kila mfuatano. Gawanya: 792.

Likirudi sharti, wanafunzi wengi hukimbilia njia hii: teua wanawake 3 kati ya 5, njia 10, nafasi 4 zilizobaki zijazwe na yeyote kati ya watu 9 waliosalia, njia 126, zidisha, 1,260. Jibu hilo haliwezekani, maana limezidi mabaraza yote 792! Kosa liko wapi? Chukua baraza lenye Asha, Mwajuma, Neema na Rehema pamoja na wanaume 3. Mara moja Asha, Mwajuma na Neema wameingia kama "wale watatu" na Rehema akaja baadaye. Mara nyingine ni Asha aliyekuja baadaye, na kadhalika. Baraza moja limehesabiwa mara 4. Lenye wanawake wote 5 limehesabiwa mara 10. Tumewapa watu foleni ambayo sheria haiijui.

Dawa ni kulisikiliza neno wasipungue. Wasiopungua watatu, kati ya watano, ni watatu kamili, au wanne kamili, au watano. Wakiwa 3, wanawake wanateuliwa kwa njia 10 na wanaume 4 kwa njia 35: 350. Wakiwa 4, ni 5 × 35, yaani 175. Wakiwa 5, ni 1 × 21. Jumla ni 546. Ukitaka kuhakiki, hesabu yaliyokatazwa: yasiyo na mwanamke ni 1, yenye mwanamke mmoja ni 35, yenye wawili ni 210. Toa hayo 246 kwenye 792, unarudi 546.

Vijijini kuna sharti jingine lisiloandikwa. Wanaume wawili kati ya wale 7 wanagombea mpaka wa shamba. Haifai wakae pamoja kuamua migogoro ya wenzao. Hapa ni rahisi kuhesabu mabaraza yaliyowakutanisha kisha kuyaondoa. Wao wakiwa ndani, zimebaki nafasi 5 za kujazwa na wanawake 5 na wanaume 5: 100 + 25 + 1, jumla 126. Ukiyatoa kwenye 546, yanabaki mabaraza 420.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 27, inaweka kikomo cha juu badala ya cha chini: jinsia moja isizidi theluthi mbili. Kwa kamati ya watu 9, wanawake ni kuanzia 3 hadi 6, na hesabu ni ile ile ya kugawa kwa hali.

Walimu na watunzi wa vitabu, naomba jambo moja. Swali la kamati likihitaji mwenyekiti na katibu, semeni hivyo waziwazi, kwa sababu kila baraza la watu 7 linaweza kuwapata viongozi hao wawili kwa njia 42, na yale 420 yanakuwa 17,640.