Nanga, Chuma na Kitabu: Sanaa ya Kila Siku katika Karagwe

Mara nyingi husemwa kwamba sanaa na kusoma ni starehe ya watu walioshiba. Mkulima, yasemwa, ana jembe lake na jua lake, na usiku ana usingizi wake; picha, utenzi na kitabu ni mali ya mji na ya mwenye nafasi. Maneno haya yana sura ya kweli, nayo husemwa hata na watu wenye huruma kwa mkulima. Nataka kuyapima kwa historia ya mahali pamoja, nchi ya Karagwe iliyo magharibi ya Ziwa Viktoria, ambayo leo imegawanyika katika wilaya mbili, Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera. Namfikiria hasa mtu wa Kihanga, kata ya migomba, kahawa na maharage ambayo wasomaji wa historia hawaisikii mara nyingi. Ikiwa sanaa ilikuwa chakula cha ikulu peke yake, mtu huyo hakuonja kitu. Ikiwa ilikuwa chakula cha wote, yatupasa kuonyesha ilimfikia kwa njia gani, na ilimfaa nini siku ya ugonjwa na msiba.

Tuanze na ikulu, maana ndiko zianziako habari zilizoandikwa. John Hanning Speke na James Augustus Grant walifika kwa Mukama Rumanyika, katika Bweranyange, mwezi wa Novemba 1861. Speke alimsifu mfalme huyo kwa adabu yake na kwa maswali yake mengi juu ya mambo ya dunia. Lakini kitabu cha Speke kilipotoka mwaka 1863, jambo la Karagwe lililoshika vichwa vya wasomaji wa Ulaya lilikuwa habari ya wanawake wa ikulu walionenepeshwa kwa maziwa, na jinsi msafiri alivyompima mmoja wao kwa utepe. Ni msiba wa historia yetu kwamba kipimo cha mapaja ya mwanamke mmoja kimesafiri mbali kuliko kazi ya mafundi wa nchi nzima.

Na mafundi walikuwapo. Henry Morton Stanley alipopita huko mwaka 1876 alionyeshwa nyumba ya hazina ya Rumanyika, akaandika orodha ya aliyoyaona: bata 16 wa shaba ya njano wenye mabawa ya shaba nyekundu, wanyama 10 mfano wa pofu, ng'ombe 10 wasio na vichwa, mikuki, visu vipana vyenye makali, na ngoma nyingi. Hazina ya Karagwe ilikuwa pia na ng'ombe wa chuma wenye pembe ndefu zilizopinda, na vyuma vyenye umbo la nyundo ya mhunzi. Stanley aliviona vitu hivi kama mtu aingiaye makumbusho. Huo ni mtazamo wa mgeni. Ng'ombe yule wa chuma hakufuliwa ili atazamwe na wapita njia. Alikuwa neno la ufalme, kama vile muhuri ulivyo neno la serikali. Nyundo nayo ilisema kwamba mfalme ni mhunzi wa nchi, ndiye aunganishaye na kutengeneza.

Wachunguzi wa mambo ya kale Andrew Reid na Rachel MacLean, katika makala yao ya mwaka 1995 juu ya uhunzi wa Karagwe, walieleza jinsi kazi ya kuyeyusha na kufua chuma ilivyofungamana na mawazo ya watu juu ya uzazi, mifugo na utawala. Hapa ndipo ikulu na shamba vilipokutana. Elimu iliyofua ng'ombe wa mfalme ni elimu ile ile iliyofua jembe la mkulima. Mkulima aliyenunua jembe alinunua chuma kilichopita katika moto wenye miiko na maana. Na nadhani haitakuwa kosa kusema kwamba alilijua jambo hilo vizuri kuliko Stanley alivyowajua bata 16.

Rumanyika alifariki mwaka 1878. Baada yake zikaja fitina za kurithi kiti, kisha katika miaka ya 1890 sotoka ikafyeka ng'ombe, na ndui na utawala wa Wajerumani vikafuata nyuma. Vitu vya hazina vikatawanyika, na vingine vikaishia katika makumbusho. Utawala wa machifu wenyewe ulifutwa na serikali huru ya Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sanaa iliyokuwa imefungiwa ndani ya nyumba moja iliondoka pamoja na nyumba yake. Aidhuriaye Bweranyange leo, ambayo ni kata katika wilaya hiyo hiyo ya Kihanga, haoni hazina ile.

Ipo sanaa nyingine ambayo haikuwa na mlango wa kufungwa. Shahidi wetu wa kwanza ni Grant, naye aliijua kwa sababu ya ugonjwa. Mguu wake ulivimba na kufanya vidonda mwezi wa Desemba 1861. Speke alipokwenda Buganda mwezi wa Januari 1862, ilisemwa kwamba mgonjwa hapokelewi huko. Kwa hiyo Grant akabaki Karagwe mpaka mwezi wa Aprili, akilala ndani ya kibanda, hawezi kusimama. Alibandikwa dawa za kila namna, za kizungu na za kienyeji. Katika miezi hiyo alichora picha nyingi za nchi, watu na mimea, ambazo sasa zimehifadhiwa katika maktaba ya taifa ya Scotland, mjini Edinburgh. Na katika miezi hiyo alisikiliza nanga.

Nanga ya Karagwe, kama ya Buhaya na Ankole, ni ubao uliochimbwa mfano wa kihori kifupi, na uzi mmoja wa mshipa wa ng'ombe uliopitishwa kwenda na kurudi mpaka ukawa nyuzi saba au nane. Grant, katika kitabu chake cha mwaka 1864, anasimulia juu ya nanga iliyopigwa na mwanamke mzee, akasema kwamba katika sauti zake saba, sita zilikuwa sawasawa na ngazi ya muziki aliyoijua yeye, na uzi mmoja tu ndio uliokosea. Maneno haya yana kiburi ndani yake, maana huenda uzi ule ulikosea kwa sikio la Scotland tu. Lakini yana faida kwetu. Yanaonyesha kwamba mgonjwa yule alisikiliza kwa makini kiasi cha kuhesabu sauti moja moja. Na yanashuhudia kwamba mpiga nanga hakuwa lazima awe mwanamume wala mtu mwenye cheo. Mguu wa Grant haukuponywa na nanga. Aliondoka Karagwe akichukuliwa kwa machela. Walakini mtu aliyelala miezi minne katika nchi ya ugeni akarudi na picha na hesabu ya nyuzi, badala ya kurudi na malalamiko peke yake, hatuwezi kusema kwamba sanaa haikumfaa kitu.

Kwa wenyeji nanga ilikuwa na kazi kubwa zaidi. Profesa Mugyabuso Mulokozi, katika tasnifu yake ya mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikusanya na kuchambua tendi za nanga za Wahaya, ndugu na majirani wa Wanyambo, tendi za mashujaa kama Kachwenyanja na Rukiza. Aliwaonyesha wataalamu waliokanusha kuwako kwa tendi katika Afrika kwamba walikanusha kwa kutosikiliza. Yunus Rubanza naye alichapisha mwaka 1994 kitabu juu ya majigambo, yaitwayo ebyebugo, ambamo mtu husimama mbele ya wenzake akatangaza jina lake, nasaba yake na matendo yake. Hapo zamani majigambo yalisemwa mbele ya mfalme, mkuki mkononi. Mtu asiyemiliki hata bata mmoja wa shaba aliweza kumiliki majigambo yake, na hakuna Mjerumani aliyeweza kuyatia sandukuni.

Tena kuna mambo madogo kuliko hayo. Katika Kagera mgeni hukaribishwa kwa kahawa ya kutafuna, buni zilizochemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri kisha zikakaushwa, nazo hutolewa ndani ya kikapu kidogo kilichosukwa kwa ufundi mwingi. Zamani buni hizo ndizo zilizotumika katika kuchanjiana udugu. Kikapu hicho hakikutengenezwa ili kisifiwe. Kilitengenezwa ili mgeni ajue, kabla hajaambiwa neno, kwamba amepokewa. Sidhani kwamba kuna mwalimu wa sanaa atakayeeleza maana ya uzuri kwa ufupi kuliko hivyo.

Sasa kitabu. Kusoma kuliingia nchi hii pamoja na dini na shule, na kwa miaka mingi kulikuwa jambo la watoto wachache na makarani. Hali ilianza kubadilika mwaka 1968, pale mpango wa majaribio wa kisomo cha watu wazima, uliosaidiwa na UNESCO, ulipoanzishwa katika mikoa ya ziwa: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, mkoa ambao tangu mwaka 1979 waitwa Kagera. Vitabu vya kwanza vya wanafunzi hao vilihusu kazi zao wenyewe, na kimojawapo kilihusu kilimo cha migomba. Jambo hili hutajwa kwa haraka katika taarifa, lakini lastahili kusimamiwa. Mtu mzima aliyepalilia migomba tangu utoto alikuta mgomba wake umeandikwa. Kile alichokijua kwa mikono kikamrudia kwa njia ya macho, naye akaona kwamba maisha yake ni jambo laweza kuwekwa kitabuni. Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba karibu watu wazima saba katika kila kumi nchini hawakujua kusoma. Mwaka 1986 hesabu ya serikali ilikuwa chini ya mmoja katika kumi. Waweza kuzitilia shaka hesabu za serikali, kama nizitiliavyo mimi kidogo, na bado ukakiri kwamba badiliko lilikuwa kubwa.

Katikati ya miaka hiyo ilikuja kampeni ya Mtu ni Afya, mwaka 1973. Watu kama milioni mbili katika nchi yote walikutana katika vikundi, wakasikiliza redio, mwenzao mmoja akasoma kijitabu kwa sauti, wakajadiliana juu ya malaria, minyoo, kichocho na kuhara, kisha wakaondoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Wasomi wameisifu kampeni hiyo kwa idadi ya vyoo, nayo ilikuwa malaki. Mimi naisifu zaidi kwa namna ya kusoma. Msomaji wa mjini husoma peke yake, amenyamaza, amejifungia. Kikundi cha Mtu ni Afya kilisoma kama nanga isikilizwavyo: mmoja anatoa sauti, wengine wanaitikia, wanauliza, wanabisha, wanacheka. Kitabu kilipofuata njia iliyokwisha kukanyagwa na mpiga nanga hakikuwa kigeni tena.

Njia hiyo ilijaribiwa vikali miaka kumi baadaye. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Hapakuwa na dawa, wala hapakuwa na jina. Watu waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la kitambaa cha fahari kilichopitishwa mpakani kwa magendo kutoka Uganda. Na jina hilo lenyewe lilikuwa ushairi, kwa maana lilikusanya biashara, tamaa, vijana na mauti katika neno moja. Daktari alisema kwa lugha ya hospitali, mhubiri alisema kwa lugha ya dhambi, na jamaa za wagonjwa mara nyingi hawakusema lolote.

Waliosema walikuwa washairi na wapiga nanga. Aldin Mutembei, katika utafiti wake uliochapishwa Leiden mwaka 2001, alifuatilia ushairi simulizi wa Wahaya katika miaka ya UKIMWI, akaonyesha jinsi sitiari zilivyobadilika kadiri watu walivyozidi kuufahamu ugonjwa. Na mwaka 2009 akatoa kitabu juu ya UKIMWI katika fasihi ya Kiswahili. Utafiti huo ulihusu Buhaya hasa, lakini gonjwa halikujua mpaka baina ya Mhaya na Mnyambo, na nanga ni yao wote wawili. Thamani ya kazi hii haimo katika kudai kwamba wimbo uliponya. Wimbo haukuponya, kama nanga ya yule mwanamke mzee isivyoponya mguu wa Grant. Lakini jambo lisilotajika kwa maneno ya kawaida, mbele ya mkwe, mbele ya mama, mbele ya watoto yatima, lilitajika kwa sitiari, na watu waliokuwa wamekaa kila mmoja na hofu yake wakaisikia hofu hiyo ikitamkwa na mtu mwingine, tena kwa mpigo na kwa mpangilio. Huzuni iliyo na mpigo haipungui uzito, ila yabebeka na watu wengi kwa pamoja.

Mgeni wa leo atakayetafuta sanaa ya Karagwe atapelekwa kwenye picha za ng'ombe wa chuma, kwa sababu hizo zimo vitabuni. Za Grant ziko Edinburgh, kila moja na maelezo yake. Yule mwanamke mzee aliyempigia nanga hana picha wala kaburi lijulikanalo. Na Grant, aliyehesabu nyuzi zake zote saba, hakuliandika jina lake.