Rangi ya Chungwa na Njia za Sumu

Kwa muda mrefu, mchoraji wa Ulaya aliyetaka rangi ya chungwa iliyokolea, bila kuchanganya nyekundu na manjano, alichagua kati ya sumu na sumu. Titian alitumia realga, madini yenye aseniki. Renoir, katika mchoro wake wa mashua kwenye mto Seine wa mwaka 1875, alitumia rangi ya kromi, ambayo ndani yake mna risasi. Kadimi, metali iliyogunduliwa na Mjerumani Friedrich Stromeyer mwaka 1817, nayo ni sumu, tena husababisha saratani. Ikiungana na salfa hutoa manjano. Ikiongezwa seleni, manjano hayo hukolea kuwa chungwa, kisha nyekundu. Hata hivyo, rangi hii ilizishinda zile za awali, kwa sababu madhara ya sumu hayapimwi kwa jina la madini peke yake. Unga wa kadimi wa wachoraji hauyeyuki katika maji ila kwa kiasi kidogo mno, na ukishakamatwa na mafuta au akriliki haurushi vumbi. Hatari yake kubwa huja pale unga mkavu unapochanganywa, rangi inapopulizwa kwa mashine, au mchoro unapopigwa msasa.

Wapo wanaopinga hoja hii, na hawakosi ushahidi. Huko Toyama, Japani, taka za mgodi zilizomwagwa katika mto Jinzu ziliingiza kadimi kwenye mashamba ya mpunga, na walaji wakaugua ugonjwa wa kuvunjika mifupa, ambao serikali iliukubali rasmi mwaka 1968. Sweden nayo ilipendekeza kadimi ipigwe marufuku katika rangi za wachoraji, ikidai kwamba maji ya kuoshea brashi huishia kwenye tope la majitaka, nalo humwagwa mashambani. Mwaka 2015 Umoja wa Ulaya ulikataa pendekezo hilo, kwa kuwa kiasi kinachotoka kwa wachoraji kilionekana kidogo mno. Uamuzi huo ulimhusu mchoraji na mlaji. Haukumaliza suala la mchimbaji na mfanyakazi wa kiwandani, ambao huishika kadimi kabla haijafungwa kwenye mafuta. Mbadala upo: rangi za piroli, zilizoingia sokoni miaka ya 1980, hazina metali nzito, na kwa kawaida udhaifu wake ni kutofunika vizuri rangi iliyo chini yake kama kadimi. Basi pale ambapo kufunika si lazima, piroli ndiyo chaguo la haki. Pale ambapo ni lazima, kadimi itumike ikiwa imeshafungwa kwenye mafuta au akriliki, na mabaki yafutwe kwa kitambaa kabla ya brashi kuoshwa.