Uanarki na dini: mafundi cherehani wa London walivyoungana bila kuulizana imani

Neno "uanarki" likitajwa redioni, wengi hufikiria fujo, moto na mawe. Likitajwa pamoja na dini, hufikiria watu wanaotaka kufunga makanisa na misikiti. Katika makala hii tunaeleza maana ya neno hilo, kwa nini wanarki wengi waligombana na dini, na namna wafanyakazi maskini wa London walivyojibu swali ambalo bado linasumbua mahali pengi pa kazi: je, ni lazima tukubaliane kuhusu Mungu kabla ya kudai haki yetu?

Uanarki ni nini?

Uanarki ni wazo la kisiasa lililopata nguvu Ulaya katika karne ya 19. Wafuasi wake, yaani wanarki, wanaamini kwamba watu wanaweza kuendesha maisha yao bila serikali na bila matajiri wa kuwaamrisha. Wanataka vijiji, viwanda na vyama vya wafanyakazi vijiendeshe vyenyewe kwa watu kukaa pamoja na kukubaliana. Hiyo si sawa na kusema kila mtu afanye atakalo.

Kwa nini waligombana na dini?

Mrusi Mikhail Bakunin, mmoja wa waasisi wa wazo hili, aliona kwamba kanisa na dola husaidiana kumfanya maskini aikubali hali yake. Kitabu chake "Mungu na Dola" kilichapishwa mwaka 1882, baada ya kifo chake, na kilisomwa sana na wanarki.

Uhasama huo uligharimu maisha. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Hispania Julai 1936, makanisa mengi yalichomwa na maelfu ya mapadri na watawa waliuawa. Wanarki walikuwa miongoni mwa waliofanya hayo.

Lakini si wote walioikataa dini. Mwandishi Leo Tolstoy wa Urusi alikataa vita na mamlaka ya serikali kwa sababu ya Injili yenyewe. Huko New York, Mei 1933, Dorothy Day, Mkatoliki aliyesali kila siku na aliyejihesabu kuwa mwanarki, alianza na wenzake gazeti la "Catholic Worker", kisha wakafungua nyumba za kuwalisha na kuwalaza wasio na kazi.

Mafundi cherehani wa London

Kuanzia mwaka 1881 Wayahudi wengi walishambuliwa katika milki ya Urusi, na maelfu wakahama. Waliofika London walikaa zaidi mashariki mwa jiji, katika mitaa kama Whitechapel na Stepney. Walishona nguo katika vyumba vidogo vyenye joto na hewa nzito. Msimu wa kazi walishona tangu alfajiri hadi usiku. Msimu ulipokwisha, walikaa bila kazi na bila kipato.

Mara nyingi mwenye karakana naye alikuwa Myahudi, wa dini moja na wafanyakazi wake. Machi 1889 wafanyakazi walimwomba kiongozi wa marabi ahubiri juu ya mateso yao. Alipokataa, waliandamana hadi Sinagogi Kuu. Kwa hiyo hasira yao dhidi ya viongozi wa dini haikutoka hewani.

Tatizo lilikuwa namna baadhi ya wanarki walivyoitumia hasira hiyo. Siku ya Upatanisho, yaani Yom Kippur, Wayahudi hufunga na kusali kutwa nzima. Ndiyo siku takatifu kuliko zote kwao. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1880, wanarki walianza kuandaa dansi na karamu siku hiyohiyo ili kuwaonyesha waumini kwamba hawaogopi. Septemba 1904 ghasia zilizuka siku hiyo katika mtaa wa Spitalfields, na mawe yakarushwa.

Tufikirie aliyeumizwa na kejeli hizo. Hakuwa tajiri peke yake. Alikuwa pia mzee fundi aliyeshona saa nyingi kila siku kwa ujira mdogo. Kwa mgeni asiyejua Kiingereza, sinagogi ndogo ya watu wa mji aliotoka ndiyo iliyokuwa na majirani wa kumchangia akiugua na kumzika akifa. Ukimdhihaki mtu huyo katika mfungo wake, hatasikia neno lako lolote kuhusu mshahara.

Rudolf Rocker alibadilisha njia

Mtu aliyeliona kosa hilo alikuwa Rudolf Rocker, Mjerumani aliyezaliwa Mainz mwaka 1873. Hakuwa Myahudi. Alitoka katika familia ya Kikatoliki, na kazi yake ilikuwa kujalidi vitabu. Alifika London mwaka 1895, akajifunza Kiyidi, lugha ya mafundi wale, hadi akaweza kuhutubia na kuhariri gazeti lao, "Arbeter Fraynt", maana yake "Rafiki wa Mfanyakazi". Mwenzi wake, Milly Witkop, alikuwa fundi wa nguo aliyelelewa katika nyumba ya Kiyahudi ya wacha Mungu huko Ukraine.

Rocker hakuficha kwamba yeye hana dini. Lakini alipinga dansi na maandamano ya Siku ya Upatanisho. Kwa maoni yake, mwenye imani ana mahali pake katika nyumba ya ibada, na asiyeamini ana mkutano wake, wala hakuna sababu ya mmoja kwenda kumchokoza mwenzake.

Februari 1906 yeye na wenzake walifungua klabu katika mtaa wa Jubilee. Ilikuwa na maktaba, mihadhara na masomo ya Kiingereza, na ilimpokea mfanyakazi yeyote, wa chama chochote au asiye na chama.

Mgomo wa 1912

Mwaka 1912 washonaji wa magharibi mwa London waligoma. Kazi zao zikaanza kupelekwa kwenye karakana za mashariki, na mafundi Wayahudi wakahofia kuitwa wavunja mgomo. Mwezi Mei walikutana usiku, wakaamua kugoma nao. Katika siku mbili watu wapatao 13,000 waliacha kazi. Madai yao yalihusu saa za kazi, malipo na usafi wa karakana, mambo yanayomhusu anayesali na asiyesali. Baada ya wiki tatu hivi waajiri walikubali kupunguza saa na kuboresha mazingira ya kazi.

Wakati huohuo wafanyakazi wa bandari ya London nao walikuwa wamegoma, na familia zao zilikuwa na njaa. Wengi wao walikuwa Wakatoliki wenye asili ya Ireland. Familia za Kiyahudi zilizokuwa zimetoka tu katika mgomo wao zilichukua watoto zaidi ya 300 wa watu hao, zikawalisha na kuwavisha nyumbani kwao. Milly Witkop alikuwa miongoni mwa walioisimamia kazi hiyo.

Mgomo wa bandari ulishindwa, lakini wema ule haukusahaulika. Oktoba 4, 1936, mafashisti wa Uingereza walitaka kuandamana kupitia mitaa ya Wayahudi. Wafanyakazi wa bandari wenye asili ya Ireland walikuwa bega kwa bega na Wayahudi kuzuia njia katika mtaa wa Cable. Wapo wanahistoria wanaohusisha mshikamano huo na watoto wa 1912.

Tunajifunza nini?

Rocker hakubadili imani yake, wala mafundi waliosali hawakuacha yao. Walichofanya ni kutenganisha mambo mawili: lile la mtu na Mungu wake, na lile la watu wote na mwajiri wao. Kwenye mashamba, viwandani na bandarini kwetu, Mkristo, Mwislamu na asiye na dini hupokea mshahara katika foleni moja. Ukipunjwa, hupunjwa kwa wote.