CHATU MCHANGA, MARADHI YA

Ni dalili zisizo za kawaida zidhihirikazo katika mwili wa kinda la chatu lifugwalo na binadamu. Katika Usukuma, kandokando ya Ziwa Viktoria, maarifa ya nyoka ni ya kale: mwaka 1946 mtafiti Hans Cory aliandika habari za Buyeye, chama cha siri ambacho wafuasi wake walisifika kwa kushika nyoka na kutibu sumu, na chatu angali akichezwa katika ngoma za Wasukuma.

Kwa kuwa nyoka huazima joto lake kwa jua na ardhi, usiku wa Mwanza, mji wa Usukuma ulio zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, waweza kumdhoofisha kinda asiye na mahali pa kuota joto, hata akatapika mlo wake au akapatwa na maradhi ya mapafu, ambayo dalili zake ni kupumua kinywa wazi, kukoroma na kutoka mapovu. Fizi nyekundu zenye usaha huonyesha kuoza kinywa. Kichwa kipindukacho juu pasipo hiari huashiria dhara la ubongo au mishipa ya fahamu. Macho kugeuka rangi ya maziwa, kinyume chake, aghalabu ni bishara tu ya kujivua gamba.

Kiumbe huyu hana sauti ya kulalamika. Basi ni wajibu wa mfugaji kumtazama kila siku, asimlazimishe kula, na kumfikisha mapema kwa tabibu wa wanyama.