Ulezi wa Buha na Sifa za Kwinoa

Mwaka wa 2013 ulitangazwa na Umoja wa Mataifa kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Kwinoa, na mwaka wa 2023 ukatangazwa kuwa mwaka wa nafaka ndogo ndogo, yaani ulezi, uwele, mtama na ndugu zao. Baina ya matangazo hayo mawili ilipita miaka 10, na katika muda huo kwinoa ilijipatia heshima ambayo ulezi haujaipata hata sasa. Huuzwa mijini katika pakiti ndogo za bei kubwa, na kina mama huambiwa kwamba atakaye kulisha jamaa yake chakula chenye afya na aijaribu. Sina ugomvi na nafaka hiyo. Nia yangu ni kuuliza swali la historia: watu wa miinuko ya Kibondo na Kasulu walikula nini kabla ya mahindi na muhogo kuvitawala vyungu vyao, na ni nani aliyewatoa katika chakula kile? Swali hili lina uzito, kwa kuwa lawama ya watoto waliodumaa huangukia mara nyingi juu ya mama, naye ndiye mwenye hatia ndogo kuliko wote.

Kwanza yafaa tuijue kwinoa yenyewe. Si nafaka ya jamii moja na mtama au mpunga. Ni ndugu ya mchicha, na majani yake huliwa kama mboga. Mbegu zake zina uchungu kama wa sabuni, hata hapana budi kuzisugua na kuziosha kabla ya kuzipika. Asili yake ni nyanda za juu za milima ya Andes, kandokando ya Ziwa Titicaca, ambako watu wameilima kwa maelfu ya miaka. Wahispania walipoingia Peru mwaka wa 1532 walikuja na ngano na shayiri zao, na kwinoa ikashuka cheo ikawa chakula cha wanyonge wa milimani. Ilikaa katika dharau hiyo karne nyingi, mpaka wageni wengine walipoipima katika maabara wakaona kwamba ina protini nyingi na njema. Ndipo ilipopanda bei. Msomaji asiisahau habari hii, maana ya Buha haiko mbali nayo.

Buha ni nchi ya Waha, na Kasulu na Kibondo zimo katika kiini chake: Heru upande wa Kasulu, Muhambwe upande wa Kibondo, zilizokuwa chini ya watawala walioitwa Mwami. Nchi hii imeinuka juu ya Ziwa Tanganyika, hupata mvua ya msimu mmoja mrefu, na baridi yake huwashangaza watu wa Ujiji wapandao huko. Mazao ya zamani yalikuwa ulezi, mtama, maharage, ndizi na viazi vikuu. Ulezi ulipewa nafasi ya pekee, kwani ndio uliotoa ugali, uji na pombe. Palipokosekana ulezi, arusi na matanga vilipungukiwa.

Zao hili ni la Afrika ya Mashariki kwa asili, na kutoka huku lilifika Bara Hindi zamani sana. Hupenda ardhi mpya iliyofyekwa na kuchomwa moto, yenye majivu. Kufyeka na kukata miti kwa desturi ni kazi ya mwanamume. Kupalilia ni ya mwanamke, nayo ni kazi ya kuchosha macho kuliko mikono, kwa sababu miche ya ulezi hufanana na magugu ya jamii yake, na asiye mzoefu hung'oa chakula akaacha nyasi. Wakati wa kuvuna, masuke hukatwa moja moja kwa kisu. Lakini malipo ya taabu hii ni makubwa: punje za ulezi ni ndogo mno hata wadudu wa ghalani hawazipati sana, na zikikauka vema hukaa miaka kadhaa bila kuharibika. Nyumba yenye ghala la ulezi ilikuwa na bima ya njaa kabla ya neno bima kufika Buha.

Na sasa tuulinganishe na mgeni wetu. Katika gramu 100 za ulezi mna miligramu 340 hivi za madini ya kalsiamu, yanayojenga mifupa na meno. Katika kwinoa hazifiki 50, na katika unga wa mahindi hazifiki 10. Katika protini kwinoa hushinda kwa haki: ina gramu 14 hivi kwa kila 100, na ulezi 7 tu. Tena protini ya ulezi ina upungufu wa lisini, sehemu moja ambayo mwili hauwezi kujitengenezea. Hapo wasifu wa kwinoa hushangilia. Lakini wamesahau kutazama bakuli la pili mkekani. Hakuna Mha aliyekula ugali mtupu. Ugali wa ulezi uliliwa kwa maharage, na maharage yana lisini kwa wingi. Viwili hivi pamoja hukamilishana. Ukiongeza kisamvu, ambacho watu wa Kigoma hukiita sombe, kilichotwangwa na kupikwa kwa mawese mekundu yenye vitamini A, na dagaa wa ziwani kwa aliyeweza kuwapata, umekamilisha mlo ambao daktari hana la kuukosoa ila chumvi.

Kama mambo yalikuwa hivyo, kwa nini watu waliuacha ulezi? Jibu la haraka ni kwamba mahindi ni rahisi na watu hupenda urahisi. Jibu hili silikubali. Mahindi na muhogo ni mimea ya Amerika kama kwinoa ilivyo, na yalikuwa yamefika Buha kabla ya Mdachi. Yalikaa kando ya ulezi bila kuufukuza. Kilichobadilika ni mikono.

Serikali ya Kidachi ilianza kutoza kodi ya nyumba katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, na Waingereza wakaiendeleza kodi kwa namna yao. Kodi ilitaka fedha, na Buha haikuwa na zao la kuuza la kutosha. Reli ya kati ilikuwa imefika Kigoma mwaka wa 1914. Ilileta bidhaa, lakini kwa Waha ilikuwa zaidi njia ya kutokea. Vijana walichukuliwa kwenda kukata mkonge Morogoro na Tanga. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alijulikana kwa namba, wakahesabiwa kazi zao katika kipande. Kuanzia mwaka wa 1944 ofisi ya waajiri wa mkonge iliyoitwa SILABU ilikusanya watu kwa utaratibu mkubwa zaidi, na Kasulu na Kibondo zikawa miongoni mwa visima vyake vikuu vya kuchotea nguvukazi. Huko mashambani manamba walipewa posho, na posho ilikuwa unga wa mahindi.

Tafakari matokeo mawili ya safari hii. Kijana alirudi akiwa amezoea ugali mweupe, akauona ule mwekundu wa mama yake kuwa wa kishamba. Jambo hili husemwa sana, nami naliona kuwa dogo. Kubwa ni kwamba wakati wa kufyeka pori yeye hakuwapo. Mwanamke aliyebaki peke yake na watoto hakuweza kukata miti, na ulezi usiopata ardhi mpya humezwa na magugu. Alifanya alilofanya mwenye akili yeyote: alipanda muhogo, unaoota katika udongo uliochoka, hauna msimu wa kuvunwa ulio mkali, na hungojea ardhini mpaka mwenyewe aje. Serikali nayo iliamuru kote Tanganyika upandwe kuwa kinga ya njaa. Ulikinga njaa kweli. Lakini unga wake ni wanga karibu mtupu, na tumbo lililoshiba si lazima liwe limelishwa.

Kisha ukaja ugonjwa wa malale. Katika miaka ya 1930 serikali iliwahamisha watu wengi wa nchi ya magharibi, Buha ikiwamo, ikawakusanya katika makazi makubwa ili kuwaepusha na mbung'o. Mwaka wa 1972 ilianza Operesheni Kigoma ya kuwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa. Makusudi ya hatua hizi mbili yalikuwa mbalimbali kabisa, wala sizilinganishi kwa haki wala kwa dhuluma. Lakini kwa ulezi zilikuwa na maana moja: watu walisogezwa karibu na barabara, pori la kufyeka likawa mbali.

Habari za kambi nitazipitia upesi. Baada ya kuuawa kwa Rais Ndadaye wa Burundi mwezi wa Oktoba 1993, Kibondo na Kasulu zilijaa wakimbizi. Nyarugusu ilifunguliwa mwaka wa 1996 kwa Wakongo, na mwaka wa 2015 Warundi wakaja tena kwa wingi. Walipewa unga wa mahindi, kunde za namna namna, mafuta na chumvi. Wengi wao, waliozoea muhogo na ndizi, waliuuza ule unga kwa wenyeji ili wanunue chakula chao. Hivyo posho iliyowafuata manamba Tanga sasa ililetwa mpaka mlangoni.

Kwa hiyo siwezi kumsikiliza kwa utulivu mtu amwambiaye mama wa Kasulu kwamba mtoto wake amedumaa kwa kuwa yeye hajui kupika. Uji wa ulezi anaujua. Anajua pia kuotesha ulezi uwe kimea: huuloweka, huufunika siku mbili tatu mpaka uchipue, huuanika, husaga. Kijiko kimoja cha kimea katika uji mzito huulainisha, hata mtoto mwenye tumbo dogo akaweza kunywa unga mwingi zaidi kwa mara moja. Tena kuotesha huko hupunguza vizuizi vya punje, mwili ukapata madini kwa wepesi. Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoundwa mwaka wa 1973, iliichunguza na kuieneza njia hiyo, na msingi wake ulikuwa ujuzi wa wapika pombe.

Alichokosa ni saa za mchana. Ulezi upurwao juu ya ardhi huchanganyika na mchanga, na mchanga huo hauonekani mpaka meno yaukute. Lazima upepetwe, uoshwe, upepetwe tena, uanikwe, ndipo upelekwe mashineni. Na mashine nyingi za vijijini zimetegwa kwa ajili ya mahindi. Mahindi yeye huyapukuchua jioni, yakasagwa asubuhi. Ulezi humchukulia karibu siku nzima, mbali na kuni, maji na shamba.