Shamba la Amana: Fundisho Kutoka Pwani ya Rumonge

Mwanafunzi mpendwa, ukifika Gatete, katika eneo la Rumonge, utaona michikichi ikienea kati ya milima na Ziwa Tanganyika. Jiulize: wakati mwenye shamba hayupo, nani humshikia, na kwa masharti gani?

Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulizuka Rumonge na Nyanza-Lac. Waasi waliua watu wengi, hasa Watutsi. Jeshi nalo likajibu kwa mauaji makubwa zaidi ya Wahutu nchini kote. Makumi ya maelfu walikimbilia Tanzania, na wengi wao wakaishi katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Anayekimbia kuokoa roho hana wasaa wa kuandika hati. Baadhi ya mashamba yalibaki kwa ndugu au majirani. Mengine serikali iliyagawia watu wengine.

Miaka ikapita. Sheria ya ardhi ya 1986 ilimwezesha mtu aliyekalia ardhi kwa miaka 30 kudai kuwa ni yake. Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 ulitamka kwamba wakimbizi warudishiwe ardhi yao, na isipowezekana walipwe fidia ya haki. Mwaka 2006 ikaundwa Tume ya Kitaifa ya Ardhi na Mali Nyingine, ambayo mwanzoni mara nyingi ilizishauri pande mbili kugawana shamba.

Zingatia jambo moja. Katika mapokeo ya sheria ya Kibelgiji, ambayo Burundi iliyarithi, anayeshika mali kwa niaba ya mwingine hageuki kuwa mwenyewe kwa kupita miaka tu. Ni lazima kwanza ijulikane kwamba anashika kwa niaba. Pasipo hati wala mashahidi, mtunzaji na mnyang'anyi walisimama mbele ya tume wakifanana, na watoto wa mtunzaji waliamini kwa dhati kwamba shamba ni la baba yao.

Hapo ndipo ilipo kazi ya hati ya uwakala. Inamtaja mwenye mali, inamtaja wakala, na inaweka mpaka: kulima, kukodisha au kuuza. Ukipewa uwakala, usivuke mpaka huo. Mapato ya chikichi yaandike mbali na yako, utoe hesabu bila kuombwa. Usijiuzie mali uliyokabidhiwa. Juu ya yote, waambie wanao mapema: "Shamba hili si letu; tunamshikia fulani." Na mwenye mali akifariki, uwakala kwa kawaida hukoma, mali ni ya warithi wake.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Rumonge, mali haikupotea peke yake. Undugu nao ulipotea.

Msamiati: amana ni kitu unachomtunzia mwenyewe hadi akihitaji, wakala ni mtu anayetenda kwa niaba ya mwingine.