Kona ya Boylston

Abiria wa Boston husikia mlio wa tramu kwenye kituo cha Boylston wakalaumu magurudumu. Mimi, niliyepita hapo miaka mingi nikienda kazini, lawama naipeleka kwenye kona yenyewe.

Miaka ya 1890 Barabara ya Tremont ilizibwa na tramu zilizofuatana mkia kwa kichwa. Mwaka 1895 wajenzi wakaanza kuchimba njia ya tramu chini ya ardhi, mhandisi mkuu akiwa Howard Carson. Walifunua barabara, wakajenga kuta na dari, wakafukia. Njia ya namna hiyo huufuata mtaa, na Barabara ya Boylston hukutana na Tremont kwa pembe karibu mraba. Kuipinda taratibu kungemaanisha kuikata bustani ya Boston Common, ambayo wenyeji waliitetea kwa nguvu zote. Hata kwa njia waliyochagua, walifukua mifupa ya mamia ya watu kwenye makaburi ya kale yaliyo hapo, ikabidi izikwe upya. Machi 4, 1897 gesi ililipuka kwenye makutano hayohayo ikaua watu. Septemba 1 mwaka huo, abiria wa kwanza walishuka chini ya ardhi. Ilikuwa njia ya kwanza ya aina hiyo Marekani.

Nao mlio ukaanza. Ekseli mbili za tramu hufungwa sambamba ndani ya fremu isiyopinda. Kwenye kona kali gurudumu la mbele huelekea huku, reli kule, basi gurudumu huburuzwa kiubavu juu ya chuma. Linanasa, linaachia, linanasa tena, mamia au maelfu ya mara kwa sekunde, hadi chuma chote kinalia kama ukingo wa glasi unaosuguliwa kwa kidole kilicholowa. Mtafiti M. J. Rudd alilieleza jambo hili kwa hesabu mwaka 1976. Kwenye reli za nje mvua huunyamazisha mlio. Boylston mvua haifiki, na kuta huurudisha masikioni.

Dawa zimejaribiwa. Tramu za PCC, zilizoanza kazi Brooklyn mwaka 1936, ziliwekewa mpira kati ya kitovu cha gurudumu na duara lake la nje, ili mtetemo ufie humo. Nazisifu sana, waliozibuni walijua kwamba kelele humfukuza abiria. Mafundi hupaka grisi ubavuni mwa reli, kazi ya uangalifu mkubwa, kwa kuwa ikipanda juu breki hazishiki. Siku hizi ipo pia dawa ya kupakwa juu ya reli, inayotuliza msuguano bila kuitelezesha tramu.

Zote hupunguza, lakini gurudumu bado linaburuzwa. Carson alibanwa na makaburi, bustani na majengo. Wahandisi wanaochora reli za mijini leo kwenye ardhi iliyo wazi hawajabanwa hivyo. Nawaomba wazipe kona zao nafasi kabla zege halijamwagwa.